Tumehamia Kitale, Si Kanduyi

Kwa Mama Mbugua,
Tuwani, Kitale.
15 Septemba, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Levi,

Hujambo huko Doha? Kazi inaendeleaje, na ule mgongo uliokusumbua mwezi wa Juni umepata nafuu? Mimi na Mama tu wazima. Anakula vizuri, ingawa sukari yake hupanda na kushuka. Mvua bado inanyesha kila alasiri, na mahindi yameanza kukauka mashambani.

Najua anwani hapo juu imekushtua. Tulikubaliana Kanduyi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Nilipopoteza kazi, Nairobi ilitushinda, na hilo halikuwa na mjadala. Ile nyumba ya Kanduyi, karibu na mama mdogo Peris, nilienda kuiona kama ulivyotaka. Ni nzuri, Levi. Maji yako ndani, hospitali si mbali. Lakini Mama alikaa sebuleni ameshika mkoba wake, hakuuachilia hata chai ilipoletwa. Akaniuliza, "Sista, tunangoja nani hapa?" Siku hizi huniita sista, kama nesi.

Kesho yake, kabla ya kulipia nyumba, nilimleta Kitale aone tu alikotulelea, kisha turudi Kanduyi jioni.

Tuwani imebadilika. Nyumba yetu ilibomolewa, pamejengwa ghorofa tatu. Pale Baba alipokuwa akiosha baiskeli yake kila Jumamosi, sasa ni gereji. Nilisimama nikijaribu kukisia jiko lilikuwa upande gani, nikashindwa. Nilihisi kama nimeota utoto wetu wote.

Mama hakusimama. Aliipita ghorofa, akakata kona kama mtu aliyetumwa chumvi, akafika kwenye geti la kijani, akagonga.

"Nyaruai! Unalala mpaka saa hizi?"

Ndiye, Levi! Mama Mbugua, aliyejificha kwetu na watoto wake mwaka ule wa fujo, wewe na Mbugua mkilala chini ya kitanda, mmekatazwa hata kukohoa. Nywele zake zote ni nyeupe. Alimtazama Mama, akasema, "Mama Pauline. Ulienda bila kuniaga."

"Si nimerudi, bana," Mama akajibu.

Walishikana wakalia, kisha wakaanza kucheka. Baadaye walikaa jikoni wakikata sukuma, Mama akiuliza habari za watoto, Mbugua na Wakiuru, kila mmoja kwa jina lake. Nilisimama mlangoni nikifuta machozi. Nilifurahi, lakini pia niliona wivu, sitakuficha. Miaka miwili namwogesha, na jina langu nimelisikia kwa jirani.

Nyaruai alikuwa na vyumba viwili vitupu nyuma ya nyumba. Ndimo tulimo. Maji hutoka mara mbili kwa wiki na choo kiko nje. Mama mdogo Peris amekasirika sana. "Yaani umemtoa kwa dada yake ukampeleka kwa jirani?" Nisamehe kwa kuamua peke yangu.

Usidhani amepona. Kuna asubuhi hata Nyaruai hamjui, na daktari amenieleza wazi kwamba ugonjwa huu wa kusahau hautarudi nyuma. Lakini Jumanne aliniuliza kama Levi ametoka shule. Nikamwambia bado. "Atakuja na njaa," akasema, akapakua ugali na mboga, akafunika kwa sahani nyingine. Chakula kile kilikaa mezani hadi jioni, na sikuthubutu kukitoa.

Ulipanga kuja mwaka kesho kutwa. Tafadhali, omba likizo mapema.

Nisalimie Khisa na wenzako wote mnaokaa pamoja. Nyaruai na Wakiuru wanakusalimu; Mbugua anasema bado unamdai mechi. Mungu akushike mkono kazini, na akulete nyumbani Mama angali anakungoja.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Pauline