Fimbo ya Shemeji na Digrii Yangu Ukutani

Jumapili, Isiolo. Redio imesema nyuzi joto leo ni thelathini na sita. Mimi nina nyuzi zangu sita za ziada juu ya jicho la kushoto, za hospitali, na hizo ndizo zinazochoma zaidi.

Naandika kwa jicho moja. Makosa ya chapa mtanisamehe.

Aliyenipiga ni Guyo, mume wa dada yangu. Ni mtu mpole, wallahi, mtu wa kumfunika mwanambuzi kwa koti lake mwenyewe. Lakini Ijumaa baada ya swala, pale kwao mtaa wa Bulla Pesa, alipiga kila kitu kilichokuwa karibu. Na mimi nilikuwa karibu.

Chanzo ni binti yake, Halima, anayesomea kompyuta Nairobi. Amebakisha mwaka mmoja. Kampuni fulani ya nje imemwajiri atengeneze programu za simu, kazi ya kutwa, anaifanyia hapa hapa nyumbani. Haikumuuliza cheti. Ilitaka kuona alichokwisha kutengeneza, basi. Akamwambia babake kwamba harudi chuo.

Sasa, Guyo amelipa karo kwa ng'ombe. Kila muhula alishuka kutoka malishoni Kulamawe na fahali, akarudi na kamba tupu mkononi.

Alianza taratibu, akiuliza tu. "Ng'ombe wangu akipotea bila alama ya kuchomwa, nitamdai vipi? Hiyo kampuni ikikuacha, utaonyesha watu nini?"

"Nitawaonyesha kazi, baba. Abuya ana cheti. Muulize kimemfikisha wapi."

Abuya kwa Kiborana ni mjomba, yaani mimi: shahada ya kompyuta, ndani ya fremu, imetundikwa dukani kwangu juu ya mashine ya fotokopi. Kazi yangu kubwa siku hizi ni kuchomoa karatasi zilizokwama kwenye mashine hiyo.

Nilikunywa chai.

Kimya changu ndicho kilichomwasha Guyo. Aliinua fimbo yake ya kuchungia akaishusha kwenye laptopu. Kioo kikapasuka. Akaishusha tena, na tena, vitufe vikaruka uani kama meno, kuku wakavikimbilia wakidhani ni mahindi. Alipiga mpaka hakukuwa na cha kupiga, akawa anapiga mkeka.

Halima hakulia. Alisema polepole, "Umevunja mashine tu, baba. Kazi iko kwa wingu."

Guyo akaangalia juu.

Naapa hakutaka. Ilikuwa shingo tu. Mtu aliyechunga maisha yake yote ukimtajia wingu, hata hilo la kuhifadhi kazi mtandaoni, shingo inapanda yenyewe. Mbingu ilikuwa nyeupe, tupu.

Mimi nikacheka.

Huyu ni mtu aliyeyatazama mawingu yakipita ukame mzima bila kudondosha kitu, huku akiburuta mizoga ya ng'ombe wake kwa kuishika miguu, mmoja baada ya mwingine. Wachache waliobaki ndio aliowauza kwa karo. Na mimi nikacheka.

Fimbo ilikuja ikiwa bado na vumbi la kioo. Nilisikia mlio wa mfupa kabla ya maumivu, kisha damu ikanifumba jicho. Ya pili ikatua begani. Sikuwa na silaha, nikamng'ata mkono. Ndiyo, msomi wa familia amemng'ata shemeji yake. Hakutoka damu, meno nayo yamezeeka. Vita alivimaliza dada yangu Kabale, aliyemmwagia mumewe birika zima la chai kifuani, ya moto, pamoja na majani. Guyo alinguruma, akaanguka chini kwa makalio, akaanza kulia kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

"Atapotea," alisema. Neno hilo moja.

Kwetu damu ya shemeji haiishi kwa pole. Kesho Guyo anakuja na wazee na mtamba wa fidia, na mimi niliyepigwa nina haki ya kumpokea mnyama au kutaja kitu kingine. Halima amenipigia simu: nimwombe babake amwache afanye kazi. Kabale naye amepiga: niombe mtoto amalize chuo. Wote wanautaka uso wangu uliovimba. Sijawahi kuwa na thamani hivi.

Tangu jana najiuliza kama hiyo digrii ina maana. Kampuni ya Halima haikuitaka. Lakini shule moja ilipotafuta mtu wa kufundisha kompyuta, mkuu wake alitazama ukuta wangu kwanza, ndipo akanitazama usoni. Kweli ni kwamba mimi nilipigwa alama nikakosa malisho. Halima ameona malisho, alama hana. Na Guyo si mjinga kuogopa.

Nimeamua. Mtamba arudi Kulamawe.

Nitaomba fimbo.

Mwanamume wa kwetu kutembea bila fimbo ni kama kutembea bila suruali, kwa hiyo atajua sitanii. Itakaa kwangu mpaka Halima aseme yake yote, na babake aseme yake, hayo ya kupotea, mikono ikiwa mitupu. Baada ya hapo binti achague mwenyewe, chuo au kazi.

Kilichobaki ni pa kuiweka. Fimbo ya mtu haitupwi kwenye kona, inatundikwa kwa heshima, na duka langu lina msumari mmoja tu.

Huo umeshika digrii. Niitoe?