Marundo Arobaini ya Mawe

Jumatatu, 13 Oktoba 2025
Mimi Kiema nilizaliwa na bahati, wengine walizaliwa na mafua. Ushahidi? Baiskeli! Kule Makindu, kwenye maonyesho ya kilimo, wauza mbegu walijaza maharagwe ndani ya mtungi wa kioo, wakauliza ni mangapi, zawadi baiskeli. Walimu wakatoa kalkuleta. Mimi nikatupa jicho tu — elfu tatu mia nne na kumi na mbili. Bila kuzidi, bila kupungua! Kyuso nzima ilitoka kuniona nikishuka na baiskeli yangu.

Ndiyo maana wamama wa mwethya wameniita mtoni leo. Kikundi chao hicho cha kusaidiana kazi kinajenga ukuta wa bwawa la mchanga. Mvua ikija, mto ulete mchanga, maji yajifiche humo, na mke wangu Ndunge aache kulala kwenye foleni ya kisima. Fundi Musyimi ameagiza marundo sitini ya mawe, kila moja lifike kimo cha fimbo yake. Wameleta thelathini na manne, kwa mgongo. Mama Mbula ana miaka sabini na moja. Nimemwona akishuka kilima na jiwe, kamba imemkata paji la uso. Hapana! Nikapima mahali pa ukuta kwa hatua, nikapima rundo moja, nikazidisha, nikagawanya — darasa la sita si mchezo. Nikatangaza: arobaini yanatosha.

Vigelegele! Musyimi akasema yeye hajengi kwa vigelegele. Kanyiva, mwenyekiti, akamjibu: wewe una cheti, huyu ana baiskeli.

Alhamisi, 16 Oktoba
Arobaini yametimia. Wamama wamerudi kupanda ndengu. Nimepewa kuku!

Jumatano, 22 Oktoba
Siku ya pili ya ujenzi. Marundo ishirini na mawili yameliwa, ukuta uko magotini. Nimemwambia Musyimi anapanga vibaya. Ameendelea kupanga. Chakula cha mchana sikula — nimesema nimefunga.

Ijumaa, 24 Oktoba
Limebaki rundo moja. Ukuta uko kiunoni, na ulipaswa kunipita kichwa.

Musyimi hakupiga kelele. Alilipiga rundo teke. Likaporomoka lote — ndani pango! Mawe makubwa yameegemezana nje, katikati upepo. Akaniambia: mzee, umepima mawe pamoja na hewa.

Fimbo hupima kimo, haipimi tumbo. Na mgongo uliochoka hujenga rundo kwa ujanja. Mimi wa kutojua hili? Nimeuza makaa miaka sita! Gunia langu lilikuwa hivyo hivyo, vipande vikubwa pembeni, tumbo tupu.

Akauliza nani kalipanga. Wamama wakatazama miguu yao. Mama Mbula akaanza kufunga leso upya. Nikasema: mwacheni, hesabu ni yangu, kosa ni langu. Nikatania ati hewa ya Kyuso ni nzito kuliko mawe. Ndunge alichukua mtungi wake akaenda kisimani, hata hakuniangalia.

Jumamosi, 25 Oktoba
Radi upande wa Mumoni tangu alfajiri. Musyimi anasema ukuta ulioachwa wazi utasombwa na maji ya kwanza. Kama mawe yaliyobaki ni machache, tubebe leo na kesho, amalize. Kama ni mengi, aufunge sasa hivi hapo kiunoni. Utasimama, lakini maji yake ni ya miezi miwili, basi. Kisha Ndunge arudi foleni.

Musyimi mwenyewe anasema ni mengi. Marundo ishirini na tano, tena yaliyoshiba.

Kanyiva hataki kusikia. Ati fundi ana haraka ya kazi nyingine Tseikuru. Ati mtu akijikwaa mara moja hakatwi mguu. Akanigeukia mbele ya wote: Baba Ndululu, maharagwe hukukosea. Sema wewe, bado mangapi?

Mama Mbula ameshavaa kamba kichwani. Anangoja namba yangu ndipo apande kilima.

Nimeomba dakika tano. Niko nyuma ya magunia ya simiti, naandika. Wananiita. Tone la kwanza limeanguka kwenye karatasi hii.

Baiskeli sikushinda. Nilitaja mia tisa, wakanicheka. Niliinunua ya mitumba kule Sultan Hamud, nikaipaka rangi.