Klipsi Mbili Zinatosha

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua karakana saa moja. Sala, chai, kazi. Saa tatu dereva wa Mzee Amirali ameleta gari kutoka Muyinga. Mzee ana duka la vifaa vya ujenzi kule. Amesema akiridhika na mkono wangu, magari yake yote manne yatakuwa chini yangu. Hapa Yoba, mtaa wetu wa Gitega, hakuna fundi aliyepata nafasi kama hiyo. Nami ni mwaka wa pili tu tangu nirudi Burundi.

Nimefungua boneti. Dezire, msaidizi wangu, anaiita kapo. Tumesimama tu, tukitazama, kama watu waliopeleka mzigo mahali wakakuta harusi.

Kila boliti ina nukta ya rangi ya njano. Alama ya mtu wa kiwandani aliyekaza, akahakikisha, akaweka shahada. Nyaya zimevikwa utepe wa kitambaa zisigongane. Chini ya kifuniko cha plastiki, mahali ambapo mwenye gari hataangalia maisha yake yote, kuna mpira wa maji umeshikwa na klipsi tatu, na kila klipsi imewekewa kisifongo ndani ili mpira usikwaruzwe. Nani alimwomba? Nani angejua?

Mimi ufundi nilijifunza Kigoma, kwa waya na vipande vya mpira wa baiskeli. Nimeona aibu. Pia nimefurahi. Mungu anaona sirini, na kuna watu wanafanya kazi wakilijua hilo.

Jumanne, 4 Machi

Kazi inakwenda. Dezire amepanga boliti juu ya kipande cha katoni, kila moja mahali pake, kwa umbo lilelile la injini. Hakuna aliyemfundisha. Alikuja Januari kutoka Buyenzi, Bujumbura, yeye na mkewe na watoto wawili. Ana miaka thelathini na kitu. Kirundi changu ni cha mama jikoni, hakina hata jina la spana. Kwa hiyo kazini ni Kiswahili, mimi cha Tanzania, yeye cha Buyenzi. Nikisema "tafadhali" anacheka hadi anakaa chini. "Shefu, unanisomea habari za redio?"

Nampenda kama mdogo wangu.

Klipsi moja imenivunjikia mkononi. Plastiki imezeeka kwa joto. Gitega nzima hakuna kama hiyo.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Haraka. Misa ya saa sita. Dereva yuko mlangoni, analalamika, mzee anataka gari leo. Nimemwambia Dezire kutoka getini: "Klipsi mbili zinatosha!" Ameinua spana. "Sawa, shefu."

Nimerudi na majivu kwenye paji la uso. Dezire amekwenda kula. Dereva anapiga honi. Nimechukua kifuniko, nimekibonyeza, kimekaa vizuri, kinang'aa. Gari limeondoka.

Leo nimefunga. Sisikii njaa. Moyo mwepesi.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa.

Dereva amepiga simu saa nane. Mzee alikuwa na mkewe ndani, wakielekea Gasorwe kumtazama mgonjwa. Kwenye mlima mvuke ukatoka, injini ikachemka, ikazima. Watu wazima wawili, nao wako katika mfungo wao wa Ramadhani, hata maji hawanywi, wameupanda mlima kwa miguu na jua kali.

Ametuma picha. Mpira umelala juu ya bomba la moshi, umeungua. Klipsi hakuna. Hata moja.

Nimemwita Dezire mbele ya watu wote.

"Klipsi ziko wapi?"

"Si nilitosha, shefu."

"Zitatosha vipi wakati hazipo?"

"Mi nakwambia nilitosha! Ni we mwenyewe ulisema."

"Nilisema mbili zinatosha!"

"Ee! Na mi mbili nikatosha!"

Wauza vocha wamecheka. Mmoja ameniuliza kama tumeanza kwaya. Mtu ameniharibia kazi, sasa ananichezea maneno.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefungua kisanduku chake cha vifaa. Klipsi mbili zimo. Zimefungwa kwenye karatasi, na juu ameandika kwa kalamu: MUYINGA.

Kumbe ameshapata na mnunuzi.

Nimemwita mwizi. Nimesema kwa sauti, wa karakana za jirani wasikie. Ameweka spana chini. Amesema, "We ni mtu wa Mungu, shefu. Angalia vizuri." Nimemwambia asitaje Mungu na mkono wa wizi. Ameondoka, ameacha hata koti lake.

Nilitarajia kupata nafuu. Sijapata.

Jumamosi, 8 Machi

Muyinga. Nimefanya kazi uani kwa Mzee Amirali kutwa nzima. Amenikuta nimeinama, akasema pole tu. Nimemweleza habari za mwizi. Amechezea tasbihi yake.

Mpira mpya nimeupata kwa shida. Injini imepona, kwa neema. Nilipokuwa nakaza nimeona ile nukta ya njano ya kiwandani. Nimeiwekea kidole. Sijui kwa nini machozi.

Jumapili, 9 Machi

Misa asubuhi. Kazi imekwisha alasiri. Mzee amesema siwezi kuondoka bila kufuturu nao. Watu hawa nimewatembeza juani, nao wananikaribisha mezani.

Mlangoni mkewe, Mama Zehra, ameniambia, "Fundi, tosha viatu."

Nimeangalia viatu vyangu. Nimesema, "Ndiyo mama, vinanitosha."

Amecheka. "Hapana! Tosha! Utoshe viatu, zulia ni safi." Akainama akanionyesha kwa mikono, kama mtu anayemvua mtoto.

Nimebaki nimesimama na kiatu kimoja mguuni.

Tosha ni toa. Katika Kiswahili cha huku, cha Mama Zehra na cha Dezire, kutosha ni kutoa.

Klipsi mbili nikatosha. Alinitii. Mtu alinitii, akazitoa, akazifunga kwenye karatasi zisipotee, akaandika ni za gari la wapi. Mwizi gani huandika jina la mwenye mali? Alisubiri niweke mpya. Na aliyefunga kifuniko bila kutazama chini yake ni mimi. Hilo nilikuwa nalijua tangu Alhamisi. Sikumwambia mtu. Hata hapa niliandika kwamba kimekaa vizuri, nikapita.

Tende nimeirudisha sahanini.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia mzee yote kabla ya kuondoka. Nilidhani atacheka habari ya neno. Hakucheka.

"Neno ni ajali, fundi," amesema. "Lakini tuseme kijana wako angekusikia sawasawa. Waliounda gari waliweka tatu. Wewe ukasema mbili."

Nimemkabidhi funguo za gari.

"Yale magari mengine nitampa mtu mwingine. Usinichukie."

Simchukii. Najichukia mimi. Nimesema "zinatosha" mara ngapi maishani? Kigoma ilikuwa kwa shida, vitu havikuwapo. Hapa ilikuwa kwa haraka ya kwenda kupakwa majivu watu waone.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kwa Dezire na koti lake. Mkewe amelipokea, amelikagua mifukoni mbele yangu, taratibu, kila mfuko. "Naangalia kama kila kitu kimo," amesema. "Siku hizi watu wanaiba."

Nimestahili.

Dezire ametoka. Nimeomba msamaha. Nimeeleza habari ya neno, viatu, Mama Zehra. Ametabasamu kidogo nilipofika kwenye viatu, kisha tabasamu likazima.

"Shefu, neno nimekusamehe. Lakini we hukuniuliza. Ungeuliza tu, Dezire, kutosha ni nini."

"Rudi kazini."

"Karakana tatu nimeomba. Zote wameniambia, wewe si ndiye mwizi wa klipsi?"

Amefunga mlango polepole. Angeubamiza ningepumua.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepita karakana zote za Yoba, moja baada ya nyingine. Nimesema: Dezire si mwizi, kosa ni langu. Mmoja amecheka: "Basi Kiswahili cha redio kimekutosha kazini!" Mwingine ameniuliza huyo Dezire amenilisha nini. Jina baya nililitoa kwa sauti moja, likafika kote kabla ya jioni. Jina zuri nalibeba nyumba kwa nyumba na bado watu wanaliangalia kama noti iliyochanika.

Padre ameniondolea dhambi. Sawa. Lakini padre haajiri mafundi.

Jumatano, 26 Machi

Mvua tangu asubuhi. Kazi ndogo, peke yangu. Nasikia Dezire amepata mahali, karakana ya barabara ya juu.

Saa kumi nilikuwa nimesimama ukingoni mwa barabara, nikingoja mvua ipungue. Amepita akiendesha gari la mteja. Mbele yangu kulikuwa na dimbwi kubwa. Amepunguza mwendo hadi gari likawa kama linatembea kwa miguu, akalivuka dimbwi lote hivyo, tone halikunirukia.

Hakugeuka kunitazama.