Kidole Ulichotuma na Laptop ya Maxine

S.L.P. 61,
Sigowet,
Kericho.
10 Juni 2025.

Mpendwa mpwa wangu Ombui,

Pokea salamu kutoka huku kwetu, nyingi kiasi kwamba zingekuwa majani chai lori lingekataa kupanda mlima. Hujambo? Baridi ya huko Minnesota inakutendeaje? Na ule mgongo ulioumia ukiwainua wale wazee unaowatunza, umepona? Kama bado, chemsha maji, tia chumvi, ujikande. Daktari atakwambia mengine, lakini mimi ndiye niliyemnyoosha mgongo dereva mwenzangu aliyekuwa ameshapimiwa sanduku. Mpaka leo anaendesha.

Sisi huku hatujambo kiasi. Mvua ya mawe ilitupiga wiki iliyopita. Jiwe moja liliangukia sufuria ya mke wangu, anti yako Moureen, likavunja mpini wa sufuria, nikaliokota nikaliweka ndani ya maziwa, na maziwa yalikaa siku mbili bila kuganda. Usimwulize Moureen, yeye alikuwa kanisani. Chai imetobolewa kama chujio lakini itachipuka. Ng'ombe amezaa, tena dume. Stima ya kuwasha taa inapotea kila wingu likipita.

Basi salamu zimeisha. Sasa nisikilize, maana nimechoka. Nimechoka na watu wetu, na kidogo nimechoka na wewe pia.

Utajiuliza kwa nini naandika kwa kalamu kama mtu wa zamani. Ni kwa sababu nimetoka kwa grupu ya familia kwenye simu. Sikutolewa, usidanganywe. Nilitoka mwenyewe, kwa kidole changu, baada ya mamako Yunia kuandika ati yeye, dada yangu, hanijui tena. Nikikupigia, kwako ni usiku. Ukinipigia, mtandao umeenda na stima. Kwa hivyo naandika, na Moureen ataipiga karatasi hii picha akutumie. Isome yote. Usiisome vile unavyosoma mambo ya grupu.

Umeambiwa kwamba nilipindua kamati nikamnunulia mtoto chuma kuukuu. Sasa usikie na upande wa mtu aliyekuwepo.

Unajua Maxine wangu alimaliza shule mwaka juzi, na tangu hapo yuko pale saiba ya sokoni, kwenye kompyuta za kukodi, akichapia watu barua. Wateja wakiisha, anacheza gemu ya magari. Si kubashiri, Ombui. Mamako alidhani ni zile za kubashiri mpira, akafunga na kuomba wiki nzima. Ni mashindano ya kuendesha, na watu wa nchi zote wanashindana humo kwa mtandao. Mtoto amewashinda mpaka kuna timu ya Nakuru imemwita kwa majaribio Jumamosi hii inayokuja. Wakimchukua watampa mahali pa kulala, na mshahara, na kompyuta zao za nguvu. Lakini siku ya majaribio kila mtu aje na mashine yake. Kipaji chenyewe amekitoa kwangu, hilo halina mjadala. Mtu aliyeteremsha lori la majani kutoka Kapsoit bila breki, kwa ukungu, mkono mmoja ukishika mahindi ya kuchoma, angezaa mtoto wa aina gani?

Pesa hatukuwa nayo, ndiyo tukachanga. Wewe ulitoa kubwa kuliko sote, Mungu akuongeze. Lakini hapo ndipo matatizo yalianza, maana huku kwetu hata ukichangia mtu kijiko, lazima kuwe na kamati. Mimi nikawa mwenyekiti, kwa sababu ni nani mwingine? Mamako akawa mweka hazina. Mdogo wangu Okemwa akawa katibu kwa kuwa ni mwalimu na ana miwani.

Okemwa akasimama, akasema kila aliyechanga lazima asikike. Wakasikika! Mamako akataka laptop nyembamba, ndiyo iingie kwa mkoba aende nayo kwaya. Okemwa akataka mpya kabisa, ndani ya katoni yake, kwa sababu familia ya mwalimu haiwezi kuonekana na mtumba. Mchungaji Alexander, ambaye alitoa kidogo sana nisitaje, akataka yenye rangi ya fedha, ati nyeusi inakaa vibaya madhabahuni. Madhabahuni! Nani alisema inaenda madhabahuni? Mtoto mwenyewe alikuwa jikoni anatuchemshia chai, na hakuna aliyemwuliza kitu. Azimio likaandikwa: mpya, nyembamba, rangi ya fedha. Mimi kama mwenyekiti sikupiga kura. Nilisema tu ni azimio zuri.

Tukaenda Bomet, mimi, Okemwa na Maxine. Laptop ya azimio ikapatikana dukani, inang'aa kama kijiko cha harusi, na bei ilikuwa sawa na mchango wetu kamili. Maxine alikuwa amebeba gemu yake kwa diski ndogo, akaomba aijaribu. Ombui, gari lilitembea kama picha za kalenda. Linasimama, linaruka, linasimama. Mtoto anakata kona, gari linakuja kusikia kona wakati tayari limelala mtaroni.

Mwenye duka alikuwa mkweli. Akasema, "Mzee, hii ni ya kazi ya ofisi. Hii ni ya kuandika barua."

Maxine naye akatueleza polepole kwamba haina kadi ya picha yake yenyewe, na kwamba nyuma imegandishwa, huwezi kufungua ukaongeza RAM, ile kumbukumbu ya mashine, siku nyingine ukipata pesa.

Unajua Okemwa alisema nini? Alisema, "Itazoea."

"Itazoea nini, anko?" akauliza Maxine.

"Itazoea gemu. Hata ng'ombe wa gredi ukimleta baridi ya Kericho hali vizuri wiki ya kwanza. Mpe muda."

Na huyu anafundisha watoto wa serikali. Nilimwangalia Maxine, akaangalia chini. Nikasema tumesikia njaa, tutarudi kesho, nikawatoa nje.

Kesho yake nilimchukua Maxine peke yake, nikampeleka Kericho mjini kwa Mbuthia. Huyu Mbuthia anauza laptop zilizotumika Ulaya, na tunaheshimiana tangu nilipovuta gari lake kutoka matopeni kwa kamba ya kufungia mbuzi. Nilimwambia Mbuthia, tuna pesa hii tu, haikui. Akanionyesha tatu nzuri nzuri. Mimi niliipenda ile yenye skrini kubwa. Maxine hakuzigusa. Akainama chini ya meza akavuta moja nyeusi, nene kama matofali, mfuniko umekwaruzwa, na juu kuna stika ya fuvu la mtu. Mbuthia mwenyewe akaona aibu. Akasema, "Hiyo wachana nayo, msichana. Betri yake inakaa muda wa kikombe kimoja cha chai."

"Nitaichezea kwa stima," akasema Maxine. "Ina kadi ya picha ndani. Na inafunguka nyuma. Nipe chaja."

Chaja yenyewe ni nzito, ukimpiga nayo fahali anakaa. Mtoto akaketi kwenye kreti, akaweka gemu, feni zikaanza kunguruma kama mashine ya posho. Na gari likaenda. Ilikuwa barabara ya mlima, kuna mvua, upande mmoja bonde tupu. Alicheza hivyo mpaka Mbuthia akafunga nusu ya mlango, akaenda kula na akarudi tena, kusudi mtoto aone kama mashine itapata joto ianze kuvuta miguu. Haikuvuta. Nilikuwa namkemea, "Funga breki! Funga breki!" na yeye hafungi, anaachilia kidogo tu, gari linazunguka kona kama maji.

Ombui, huyu mtoto nimemlea miaka ishirini. Nimemwona shuleni, nimemwona kwaya, nimemwona akichuma chai na akilia kwa sababu ya matokeo ya mtihani. Kila mahali ana ule uso wa kuomba ruhusa. Siku ile hakuomba mtu kitu. Alinyoosha mgongo, macho mbele, kama mtu aliye kwake. Alipomaliza akasema maneno mawili, "Baba, hii."

Nikainunua. Sikupigia kamati. Tena ilibaki pesa, tukaongeza RAM hapo hapo na kile kifaa cha kuilinda stima ikiruka. Kama ni kosa, ni hilo.

Hujui, maana hukuwepo, kwamba kamati ilikuwa imeshapanga sherehe ya kukabidhi. Jumapili, kwa mamako, chapati na hema. Wakaweka meza na kitambaa cheupe, laptop juu yake ikiwa imefunikwa. Okemwa akatoa hotuba juu ya teknolojia na vijana. Kisha mamako akafunua.

Yaaye! Fuvu likawaangalia wote. Nilikuwa nimemwambia Maxine aitoe ile stika kwa mafuta ya taa, akasema itakwaruza. Okemwa kwa haraka akaifungua ili kulificha fuvu, akabonyeza mahali, vitufe vyote vikawaka nyekundu na feni zikaanza.

"Gekara," akasema mamako, "umetuletea nini hapa?"

"Laptop."

"Laptop? Hii inapumua!"

Mama mmoja wa kwaya akahamisha kiti. Mchungaji akaiombea, lakini jicho moja lilikuwa wazi, nilimwona. Okemwa naye akapiga hesabu ya aibu yake, akasimama akatoa hoja kwamba irudishwe kwa Mbuthia, ambaye alitupa wiki moja ya kubadilisha, na inunuliwe ile ya Bomet kama ilivyoazimiwa. Nikamwuliza, wewe ndiye utaendesha? Akasema utaratibu ni utaratibu. Tukajibizana mpaka chapati zikapoa, na chapati za mamako zikipoa unajua vile zinakuwa.

Sasa ndipo unaingia wewe. Jioni hiyo Okemwa aliandika kwa grupu barua ndefu kama Mambo ya Walawi, kwamba mashine inarudishwa Alhamisi. Mamako mwenyewe alianza kulegea, nilimsikia akimwuliza Moureen kama kweli ile ya Bomet haiwezi kukimbia. Halafu wewe, kutoka Minnesota, ukatuma kile kidole gumba cha manjano.

Kidole kimoja tu! Hukuandika neno. Najua ulikuwa kazini, najua labda ulikuwa unamgeuza mgonjwa kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili. Labda ulimaanisha tu umeona. Lakini huku kidole chako kimeingia kwenye kumbukumbu za kamati. Okemwa ameandika, "Ombui wa Amerika, aliyechanga zaidi, ameunga mkono." Ameisoma mbele ya watu. Tangu siku hiyo hakuna anayenisikiliza, hata ng'ombe.

Mimi niliamua nitawapita. Nilimwambia Maxine, funga mzigo, tunaondoka Jumatano alfajiri, Okemwa akija Alhamisi atakuta nyumba na kufuli. Nakuru naijua, nimelala huko bure mara nyingi kwa sababu ya kuheshimika. Maxine akakataa. Akasema, "Baba, ni pesa ya watu. Siendi kujaribiwa na kitu ambacho nyumbani wanasema kimeibwa. Nitatetemeka."

Nikapiga kelele, nikamwita mjinga, Mungu anisamehe. Jana nimemkuta ameifuta mashine vizuri, amekunja waya wa chaja akaufunga kwa utepe wa nywele zake, ameiweka kwenye gunia safi kando ya mlango, tayari kwa Okemwa. Kisha akaenda saiba kuchapia watu barua kama kawaida.

Basi, mpwa wangu, sikuombi pesa nyingine. Mchango ulitosha, na kitu kilichofaa kilipatikana, ingawa ni kibaya cha sura. Nataka neno lako tu. Andika kwa grupu, kwa maneno kamili yenye herufi, kwamba umekubali Maxine abaki na hiyo mashine. Mtaje kwa jina. Ukitaka, nitukane mimi humo, sitaona. Mamako anangoja mtu wa kumpa sababu ya kubadili nia, na Okemwa hawezi kubishana na aliyechanga kuwashinda wote.

Na kama baada ya kusoma haya yote bado unaona Okemwa ana haki, basi usiandike kwa grupu. Mpigie Maxine umwambie mwenyewe. Mimi nimefanya mambo mengi katika nchi hii, mengine hata huyaamini. Hilo la kumwambia siliwezi.

Msalimie mkeo na watoto, na yule jirani wako wa Nyamira anayekukata nywele. Anti yako Moureen anakusalimu sana na anasema ule unga wa uji wa wimbi umekwisha kusagwa, anatafuta mtu wa kuubeba. Maxine hajui naandika, lakini kila ukitajwa hutabasamu. Mamako ni mzima, miguu tu. Okemwa pia, msalimie ukitaka.

Mungu akulinde kwenye hiyo theluji, aushike mgongo wako, na akupe mtandao mzuri kabla ya Alhamisi.

Ni mimi mjomba wako akupendaye hata akikukasirikia,

Gekara.