Vifaa vya Mdakaji Vilivyosubiri Sherehe

CHAMA CHA SOFTIBOLI YA WASICHANA, MANGOBO, KISANGANI

Kumbukumbu za kikao cha dharura cha Kamati, kilichofanyika Jumamosi tarehe 18 Mei 2024 katika karakana ya ushonaji ya Papa Yunus. Mwaliko ulisema saa nane mchana. Saa nane alikuwepo Papa Yunus peke yake, kwa sababu karakana ni yake. Kikao kilianza saa tisa.

Waliohudhuria:
Papa Alphonse, Mwenyekiti
Mama Zaina, Mwakilishi wa wazazi
Papa Yunus, Mtunza vifaa
Élise, Kocha
Sadrack, Katibu, ambaye ndiye mwandishi wa haya

Mwalikwa: Papa Lukumani, baba wa mchezaji Nyota

Aliyetoa udhuru: Papa Osée, Mweka hazina. Yuko Basoko kwa msiba na boti ya kurudi bado haijajaa watu.

Asiyetoa udhuru: Nicolas, Mshauri. Kamati imezoea.

KUMB. NA. 1/05/2024: TANGAZO

Katibu aliagizwa kutangaza, na hapa anatangaza kwa heshima zote zinazostahili, kwamba kiti cha Mwenyekiti, ambacho tangu Pasaka kilikuwa na miguu mitatu na tofali moja, sasa kina miguu minne. Mguu mpya ni wa mti mwingine na umezidi kidogo, kwa hiyo Mwenyekiti ataongoza vikao akiwa ameinamia upande wa Mama Zaina. Mama Zaina alisema hana neno, mradi asimwangukie. Wajumbe walipiga makofi. Papa Lukumani, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, hakupiga, na makofi ya wengine yakaisha mapema.

KUMB. NA. 2/05/2024: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Mwenyekiti alimkumbusha Katibu kwamba kumbukumbu si hadithi, na kwamba aandike maamuzi, si nani alikohoa. Mama Zaina alimtetea: "Muache aandike, Prezida. Ndiyo raha pekee tunapata kwa hii kamati."

Kulikuwa na sahihisho moja. Katika kikao cha Januari Katibu aliwaambia wazazi kwamba mpira wa mchezo huu ni laini, kwa sababu jina lake la Kizungu lasema hivyo. Kocha alieleza kwamba si laini hata kidogo. Ni mkubwa kama chungwa kubwa na ni mgumu kama embe bichi. Sahihisho lilipokewa. Katibu hajaulizwa tena mambo ya Kizungu.

KUMB. NA. 3/05/2024: HALI YA MCHEZAJI NYOTA

Kocha alieleza kwamba Nyota, mwenye umri wa miaka kumi na minne, ndiye mdakaji wa timu, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mpira unaorushwa. Mwezi uliopita, katika mazoezi, mpira ulimpiga usoni. Ametoka hospitalini. Mfupa wa shavu unapona. Jicho la kushoto linaona mwanga tu, halitambui mtu. Daktari hakutoa ahadi.

Mwenyekiti alitoa pole kwa niaba ya wote, akaanza kueleza jinsi michezo yote duniani ilivyo na hatari zake. Papa Lukumani aliomba kusema kabla dunia haijaisha. Aliruhusiwa. Katibu anaweka maneno yake kama yalivyotoka:

"Mi sikukuya kuomba kitu. Niko na neno moja tu. Prezida, kule hospitali uliniambia mutoto alivua kile chuma ya uso sababu ya joto. Mutoto anasema hakuvua. Nilimuambia anasema uongo. Nilimuambia vile na bandeji iko ku jicho. Sasa hanisemeshi. Chakula anakula kwa jirani. Donc, alivua ao hakuvua?"

Wajumbe waliokuwa hospitalini siku ile, Katibu akiwemo, walitazama sakafu, kama walivyoitazama siku ile.

Mwenyekiti alijibu kwamba suala la vifaa lina ajenda yake, namba nne, na utaratibu ni utaratibu. Mama Zaina alisema: "Prezida, mutu anakuuliza ndiyo ao hapana. Hiyo haina ajenda." Mwenyekiti alisema namba nne inafuata sasa hivi. Papa Lukumani alisema atangoja namba nne.

KUMB. NA. 4/05/2024: VIFAA VYA KINGA

Mtunza vifaa alieleza kwamba vifaa vililetwa kwa boti kutoka Kinshasa mwezi wa pili, zawadi ya wapenzi wa mchezo huu. Ni kofia ya mdakaji yenye kinyago cha chuma mbele ya uso, kinga ya kifua, kinga za miguu, na kofia ngumu za wapigaji. Aliulizwa viko wapi. Alionyesha kwa kidole juu ya kabati la vitambaa. Viko pale, katika katoni mbili, kila kimoja ndani ya plastiki yake, tangu siku vilipofika.

Papa Lukumani aliuliza ni katoni ipi ilitoka bandarini juu ya kichwa cha mtoto wake. Mtunza vifaa alisema ni ile kubwa. Wajumbe walikumbuka kwamba toleka, yaani mwendesha baiskeli ya kukodi, aliyeibeba alikuwa akiyumba, na Nyota akasema wampe yeye, haitaanguka. Kweli haikuanguka. Ndiyo katoni yenye kinyago.

Mtunza vifaa alieleza kwamba aliagizwa plastiki isikatwe kabla ya sherehe ya makabidhiano. Mwenyekiti alikubali kwamba yeye ndiye aliyeagiza. Alieleza kwamba kitu cha watu hakifunguliwi kienyeji. Mgeni rasmi hukikabidhi mbele ya umma, picha hupigwa, na waliotoa wakaona kwamba kimefika kikiwa kipya. Sherehe ilipangwa, lakini mgeni rasmi alikwama njia ya Banalia. Ikapangwa tena, akawa yuko Opala. Alipopatikana mgeni, fanfare, bendi ya tarumbeta ya parokia, ikawa na harusi. Mwenyekiti alisema sherehe bila fanfare ni kama mazishi.



Kocha aliomba ieleweke kwamba vifaa aliviomba kabla ya ajali. "Mi nilikuya hapa kwa Papa Yunus. Papa Yunus akanituma kwa Prezida. Prezida akanituma kwa Katibu, ndiye anapanga sherehe. Katibu akanisomea hotuba."

Katibu anathibitisha. Ilikuwa hotuba ya kumkaribisha mgeni rasmi, na Kocha alisomewa yote, akiwa amesimama, na mwishoni aliulizwa kama inafaa. Alisema inafaa. Hakukumbushwa alichokuwa amekuja kuomba, na Katibu hakuuliza, kwa kuwa alikuwa amefurahi mno kusifiwa.

Mwenyekiti alisema, bon, lakini anayesimamia mazoezi ni Kocha, na Kocha ndiye aliyewaambia watoto wacheze. Kocha alisema ndiyo, ni yeye, angeweza kukataa, na hakuna haja ya kuliandika kwa kuwa analala nalo kila siku. Katibu ameliandika ili lisiwe lake peke yake.

Mama Zaina alisema hili jambo analijua kutoka kabatini mwake mwenyewe. "Niko na sahani za wageni. Watoto wangu wanakula ku sahani za plastiki zilizopasuka, na zile nzuri zinangoja wageni wenye hawafiki. Tuko vile sisi wote. Lakini mutoto akikula ku sahani mubaya, anashiba. Hapa mutoto alipasuka yeye."

Papa Yunus aliinuka bila kuomba ruhusa. Alipanda juu ya kigoda, akashusha katoni kubwa, akachukua mkasi wake wa kukatia suruali. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba hakuna azimio lililopitishwa. Papa Yunus aliuliza kama plastiki inakatwa na azimio ama na mkasi. Alikata.

Kinyago kilitoka kikinuka upya. Papa Yunus hakujua ampe nani, akampa Papa Lukumani. Papa Lukumani alikigeuza, akapitisha vidole katikati ya vyuma, akakipima mkononi jinsi wanawake wanavyopima samaki sokoni.

"Iko nyepesi hivi?" aliuliza.

Alikiweka juu ya goti na hakukirudisha mpaka mwisho wa kikao.

Iliazimiwa: vifaa vyote vifunguliwe leo na vitumike kuanzia mazoezi yajayo. Mtoto asichuchumae nyuma ya mpigaji bila kofia, kinyago na kinga ya kifua, iwe mechi, iwe mazoezi, iwe mchezo wa dakika mbili wa kumfurahisha mgeni. Mpigaji asishike gongo bila kofia ngumu. Vifaa vikikosekana, Kocha afunge mazoezi bila kumuuliza mtu, na mchezaji yeyote anayekataa kucheza bila kinga asiitwe mwoga. Mwenyekiti aliuliza kama haitawezekana walau picha moja ndogo. Pendekezo halikuungwa mkono. Mwenyekiti naye hakulitetea.

KUMB. NA. 5/05/2024: SWALI LA PAPA LUKUMANI

Papa Lukumani alisema namba nne imepita.

Mwenyekiti alisema: "Hakuvua."

Papa Lukumani alitikisa kichwa kwa muda. Wajumbe walidhani amekasirika, na Papa Yunus akasogea karibu naye. Lakini alichosema alikisema polepole: "Usiniambie mimi, Prezida. Mi sikuitwa muongo."

Mwenyekiti alisema amesikia. Alisema ataenda mwenyewe. Kocha alisema kamati nzima iende, kwa sababu wote walinyamaza. Mama Zaina, ambaye hakuwa hospitalini siku ile, alisema ataenda vilevile, maana kuna watu wazima ambao wasiposindikizwa hupotea njia. Papa Lukumani aliulizwa kama atawapokea. Alisema viti ni vichache, ila kusimama kunaruhusiwa. Kisha akaongeza kwamba yeye mwenyewe ana neno la kumuambia mtoto, na hajui litatoka vipi, na afadhali watu wawepo.

Iliazimiwa kwamba kesho asubuhi Kamati itakwenda nyumbani kwa Papa Lukumani. Mwenyekiti ataeleza mbele ya Nyota yaliyotokea, na yatasomwa pia kwa wazazi na wachezaji wote siku ya mazoezi, kwa kuwa uongo nao ulisemwa mbele ya watu. Kamati itaambatana na familia katika safari zote za kwenda kwa daktari. Kama Nyota atarudi uwanjani au hatarudi, ni juu yake, na asishawishiwe na mtu, hata kwa wema.

KUMB. NA. 6/05/2024: KUFUNGA

Hakuna aliyejitolea kuongoza sala. Kikao kilifungwa saa kumi na moja na nusu jioni. Mwenyekiti aliwazuia wajumbe mlangoni, akaomba maelezo yake yaandikwe papo hapo, juu ya sahihi, ili kesho asije akayapunguza. Alisimama. Alisema: "Andika, Sadrack. Na usipambe." Yafuatayo ni maneno yake.

"Siku ile nilikuwa uwanjani. Mvua ilikuwa imepita na jua limetoka. Kocha Élise aliniambia mrushaji wetu siku hizi anarusha kwa nguvu, tusimuweke mtoto pale nyuma bila kinga. Nikamwambia waendelee, ni mazoezi tu. Nyota alisikia. Alikuya akaniuliza, 'Tonton, ile kofia nilibeba, itafunguliwa lini?' Nikamwambia karibu. Akacheka, akaenda kuchuchumaa mahali pake.

Mpira ulirushwa. Mpigaji aliugusa kidogo na gongo, ukageuza njia, ukampiga kwenye jicho. Hakulia. Alianza kupapasa chini kwa mkono, anautafuta mpira, kwa sababu ndivyo tulivyomfundisha, mpira usikupotee. Ni Kocha aliyemshika mkono akamwambia aache.

Hospitalini baba yake aliniuliza, mbele ya wauguzi na wazazi, vile vifaa watu wanasema mulileta viko wapi. Niliona aibu. Nikasema alivua kwa joto. Kocha, Papa Yunus na Katibu walikuwepo, na walijua si kweli, na hawakusema, kwa sababu mimi ndiye mukubwa. Mtoto alikuwa amelala, hakusikia nikimsingizia. Alikuja kusikia kwa baba yake.

Vifaa vilikuwepo, umbali wa kutuma mtu na kurudi kabla ya mazoezi kuanza. Nyota hakuvua kitu. Hakuna aliyempa kitu cha kuvua."

Yalisomwa kwa sauti. Papa Lukumani aliomba yasomwe mara nyingine, na yalisomwa.

Alphonse, Mwenyekiti (sahihi)

Sadrack, Katibu (sahihi)