Nani Ataimba Msimu Huu

Kambi ya mgodi, Geita

Mdogo wangu Kabula,

Marahaba! Najua umeniamkia hata kabla ya kuikunjua barua, kwa hiyo napokea mapema. Hamjambo hapo Songwa? Baba anaendeleaje na goti lake? Mama amepumua na kazi ya kupura mtama, au mnamwachia peke yake, wavivu nyie? Mimi mwili mzima, au niseme karibu mzima. Moyo ndio hautulii. Tangu barua yako ifike sipati usingizi wa maana, na chakula nakigusagusa tu.

Umeniuliza jambo lile lile mpaka nikacheka: kaka, unakuja lini? Nimesikia. Mavuno yameingia ghalani, ngoma zimeanikwa juani, wapinzani wetu Bagalu wa ng'ambo ya mto wameanza kututumia matusi yao ya kila mwaka, na kundi letu la Bagika halina manju wa kuliongoza kwa nyimbo. Na kwamba Lugola, mpiga ngoma wetu, anatembea kifua mbele akidai uwanja ni wake nisipotokea. Lugola! Yule akiimba ng'ombe huacha kunywa maji. Hebu ngoja kwanza nikueleze yaliyonipata.

Huku kila Jumapili tunacheza. Wapo Wasumbwa, Wazinza, Wamanyema, kila watu na ngoma yao, lakini Wasukuma tukianza, kambi nzima inakuja. Tumejigawa kama nyumbani: Bagika huku na mimi mbele, Bagalu kule na Ndaki, mtu wa upande wa Mwanza ambaye tunatoboa naye mwamba shimo moja. Ngoma zinalia kwa pamoja, na watazamaji wanahukumu kwa miguu yao. Wakihamia kwako, umeshinda. Usinicheke, lakini nimewahamisha watu mpaka Ndaki akabaki anawaimbia mbuzi wa nyapara. Waliokuwa wakiniita mshamba sasa wananiita Manju hata kwenye foleni ya posho. Shimoni hakuna anayemjua mtu kwa jina, Kabula, kwa hiyo nililipenda sana lile jina.

Sasa Jumapili iliyopita. Vumbi la mwamba lilikuwa limenikaa kooni muda mrefu, nakohoa, natema, najiambia litapita. Nikasimama nikaanza kuita wimbo. Neno la kwanza likatoka, la pili likakwama. Nikajaribu tena, ikatoka sauti kama ya mlango mbovu. Watu wakaanza kuhama. Nikaiona migongo yao, nikatamani nididimie. Unajua Ndaki alifanya nini? Alinyanyua mkono, akanyamazisha ngoma zake zote.

"Leo basi," akasema. "Mwenzangu anaumwa."

Bora angenishinda! Nusura nimpige. Yeye akanishika mkono mpaka kwa dresa, tabibu wa kambi. Dresa akaniangalia kooni, akatikisa kichwa.

"Kusema utasema," akaniambia. "Kuimba kwa nguvu ile, sahau."

"Msimu huu?"

"Sikusema msimu huu."

Tangu hapo nazunguka kambini kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nakaa, nasimama, nakwenda mpaka barabarani, narudi. Nimelamba asali, nimetafuna mizizi ya kila aliyejidai kuijua. Ndaki ananichemshia maji asubuhi, kisha tunagombana kwa kuwa ananikataza kusema. Jana nikaenda kuomba ruhusa ya kuja nyumbani. Nyapara, ambaye kumpa mtu ruhusa kwake ni sawa na kung'olewa jino, alikubali papo hapo. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Kwa hiyo nakuja. Ila siji kuimba. Utaimba wewe.

Usiitupe barua! Nani alikuwa akinirekebisha? Nilikuwa nikitunga nakuja kukuimbia unapotwanga, nawe bila kuacha mchi unasema, "Hapo umeremba mno kaka, patoe." Nikipatoa, wimbo unakaa sawa. Watu wanazisifu nyimbo zangu, kumbe nusu ni zako, na mimi nilinyamaza nikala sifa peke yangu. Sauti unayo, nimekusikia ukiita ndama kutoka ng'ambo ya bonde. Wazee wa kundi watasema kwetu hajawahi kusimama mwanamke mbele ya Bagalu. Waambie wanisubiri, nitabishana nao, hata kama ni kwa kunong'ona.

Wimbo mpya ni huu, uupange kwa Kisukuma unavyojua:

*Dhahabu tunaichimba, shingoni hatuivai,*
*aivaaye halijui shimo,*
*sisi tumevaa vumbi lake.*
*Nanyi Bagalu mnaringia nini,*
*na ngozi ya chui mmeazima?*

Mstari wa tatu uvute, usiuharakishe. Na usiuimbe kisimani, wala mbele ya shoga yako aliyeolewa kwa Bagalu. Wakiupata mapema watakuja na jibu, tuaibike. Mimi hapa nauandika huku nimeukinga kwa mkono, maana Ndaki amekaa kitandani kwake anajifanya anashona shati.

Mama msalimu, habari ya koo usimwambie, ataacha kula. Shangazi anayenitafutia mke mwambie nipo, aendelee. Lugola naye apate salamu zangu. Apige ngoma kubwa, kwenye ngoma hana mpinzani. Baba ndiye kazi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuita, na nimeanza kumwandikia nikachana karatasi. Mwambie wewe, taratibu, akiwa ameshiba.

Siku hiyo usinitafute nyuma yako kwa wapiga ngoma. Nitasimama na watazamaji, na sitakupendelea. Ukiimba ovyo nahamia kwa Bagalu mchana kweupe. Lakini ukiniona nalia, Kabula, usikatize wimbo.

Wabeja, asante sana.

Kaka yako,
Masanja