Mapengo katika Sauti ya Dada

Jumatatu, 3 Machi. Kishanda.
Mvua tena. Paneli haijapata jua, betri ya kompyuta iko nusu. Nimeweka mfumo endeshi kwenye kubana umeme: kazi ikipungua, unashusha kasi ya kichakataji, ikiongezeka, unaipandisha. Busara.
Ijumaa dada yangu Koku anapelekwa Mwanza kupasuliwa koo. Atapona, wamesema, lakini hatakuwa na sauti. Nimeishi ugenini karibu maisha yote. Aliyebaki anayenijua tangu utotoni ni yeye. Nataka sauti yake. Simu yangu ni kitochi, hairekodi.

Jumanne, 4 Machi.
Nimemrekodi kwa kompyuta. Amesimulia kibanja cha baba, shamba letu la migomba kabla hatujafukuzwa humo utotoni, mibuni upande wa mteremko, kaburi la bibi. Anasema kidogo, anavuta pumzi, anaendelea.
“Mzee mzima unakumbatia mashine kama mkungu wa ndizi wa wizi,” akasema.
Niliposikiliza, maneno yalikatika. Betri ilikuwa chini, mashine inajikokota. Nikaona ni kusikiliza tu kunakokwama, si rekodi. Nikichomeka kwenye umeme wa Bukoba kutanyooka.
“Nirudie?” akauliza.
“Hapana, waitu, dada yangu. Pumzika.”

Ijumaa, 7 Machi.
Ameondoka na mwanawe.

Jumanne, 11 Machi. Bukoba.
Umeme upo. Kasi kamili. Mapengo yako palepale.
Nimeelewa. Programu niliyorekodia husafisha sauti papo hapo, nayo hufanya kazi mtu akisema. Koku akinyamaza kuvuta pumzi, mfumo uliona kazi imepungua, ukashusha kasi. Akianza tena, kichakataji kilichelewa kupanda. Mwanzo wa kila sentensi haukurekodiwa. Haukufichwa mahali. Haupo.
Mpwa wangu amepiga simu: upasuaji umekwisha, mama yake yuko salama. Nimesema Mungu asifiwe. Sikuhisi chochote cha kusifu.

Alhamisi, 13 Machi.
Nimejaribu kujaza mapengo kwa kumbukumbu. Nasikia sauti yangu mwenyewe.

Jumamosi, 29 Machi. Kishanda.
Amerudi, kitambaa shingoni. Nilimweleza yote. Akaashiria niwashe. Akasikiliza hadi mwisho, macho kwenye moto. Kisha akafunga kompyuta kwa kiganja, akanisogezea kisu na ndizi.
Wanaume wa huku hatumenyi ndizi. Nilimenya, vibaya, nikisubiri anitanie. Akaichukua ndizi mkononi mwangu, akaimalizia, akanipa nyingine.